Damu ya Dada kwenye Kisahani

Katika frigo ya labo yetu hapa Bunia kuna kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ndani iko protini inayowaamuru askari wa damu, zile chembechembe nyeupe, watulie. Tunaichanganya na damu ya wagonjwa kwenye kisahani, tuone kama askari hao wangali wanasikia amri. Ni ya utafiti tu. Karatasi yake inakataza kwa Kifaransa kuitumia kumtibu mtu.

Mwaka jana askari wa damu ya dada yangu mdogo waligeuka, wakaanza kula figo zake. Nilimweleza mama hivyo hivyo, na habari ya kichupa pia. Mama aliyekimbia vita vya Djugu na sufuria moja kichwani hakuhitaji maelezo zaidi.

"Maaskari kugeukia watu yabo, ile najua," alisema. "Na amri ya kubatuliza, weye unaifungia mu frigo?"

Nilimwambia si dawa, ingeweza kumuua. Ilikuwa kweli, na niliuchukia ukweli huo. Mama aliendelea kukanda miguu ya dada iliyovimba.

Dada tulimzika kwenye makaburi ya Mudzipela, hapa mjini. Siku hizi nikirudi kutoka kazini mama ananipakulia ugali na sombe, majani ya muhogo, anangoja nimeze tonge la kwanza, ndipo anauliza bila hasira: "Ingali mule?"

"Iko, mama."

Lile lingine sijamwambia. Wiki ya mwisho ya uhai wa dada nilichanganya damu yake pia na protini ile, kwa siri. Kwenye kisahani, askari wake wote walitulia.