Kikohozi cha Salfa na Chupa za Mwahija

Jua halijachomoza vizuri Somanga, na Mwahija Abilahi tayari anatwanga kivumbasi na tangawizi nyuma ya nyumba yake. Sufuria inachemka. Asali ya nyuki wadogo ataitia mwisho, dawa hiyo ya kikohozi ikishapoa, na hapo hataki mtu amsemeshe.

Mteja wa kwanza ni Hussen, kijana anayepulizia mikorosho salfa, ule unga wa kuzuia ukungu. Anamwamkia, anakohoa, anaomba chupa. Mwahija hainuki. Anamuuliza pampu ya kupulizia aliiweka chini lini. Tangu mwezi wa nane, anajibu Hussen. Sasa ni Oktoba.

"Basi kikohozi hicho si cha salfa, mwanangu. Nenda kapimwe, ukirudi tutaongea."

Hussen anaondoka amenuna. Chupa moja ni shilingi elfu tatu, na mama huyu anazikataa hivihivi. Mwahija anamchungulia mpaka aone bodaboda aliyopanda imekata kona kuelekea zahanati, ndipo anarudi kwenye kinu.

Huku kila anayepulizia salfa hukohoa, na msimu ukiisha kikohozi nacho huisha. Watu wamekizoea, hawakiogopi. Ndipo Mwahija alipokosea kwa mumewe, Shamte. Alimnywesha dawa hadi korosho zikaanza kuokotwa. Kifua kikatulia, akawa analala usiku, nyumba nzima ikafurahi. Kumbe ni kifua kikuu kinamla taratibu. Mpaka alipoanguka shambani ndipo wakampeleka hospitali.

"Dawa yangu ilimtuliza, ndiyo maana tulichelewa," anasema Mwahija, machozi yakimlenga. "Ingekuwa haifai kitu, tungekwenda mapema."

Shamte alipona kwa vidonge vya miezi sita, lakini pafu moja limeharibika. Leo amekaa barazani akichambua majani, maana shambani hafiki tena. Anasema hamlaumu mkewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiidai chupa kila jioni. Inauma kumsikiliza, kwa sababu katikati ya sentensi lazima apumzike.

Mwaka huu watafiti kutoka Dar es Salaam walichukua majani na asali ya Mwahija wakapime kama inaweza kupatikana dawa mpya ya kikohozi. Majirani wanamtania kwamba karibuni atajenga ghorofa. Anacheka nao, ila tumaini lake ni jingine.

"Jina langu wasipoliandika, sawa tu," anasema. "Lakini kwenye chupa waandike kwa herufi kubwa: kikohozi kikipita wiki mbili, acha kunywa hii, nenda kapimwe."