Kufuli la Kazini kwenye Kizimba cha Mbwa

Nimeolewa na mtu ambaye hawezi kutundika saa ukutani bila kuchora mchoro kwanza. Ni fundi umeme mgodini, hapa Kolwezi, na mambo anayolipwa kuyafanya kule anatuletea nyumbani bure. Kwa hiyo ilipofika habari kwamba baba yake mdogo, aliyemlea, amefariki Lubudi, na kwamba lazima twende sote siku tatu, nilijua kwamba zaidi ya msiba wenyewe kuna kitu kingine kitakachonitoa roho. Mbwa.

Mbwa wetu ni mkubwa, ana rangi ya vumbi, na anaamini jambo moja tu duniani: kila asiyelala kwetu ni mwizi. Safari iliyotangulia tulimwacha huru uani. Aliruka ukuta akalikimbilia gari mpaka kwenye kizuizi cha kutokea mjini, tukalazimika kugeuza na kumrudisha, yeye juu ya magoti yangu, mimi na kitenge kipya. Mara hii jirani yetu alikubali kumlisha na kunimwagilia sombe, mihogo yangu ya mboga. Ni mama mjane mwenye asili ya Kasai, mtu wa maneno machache, na alikuwa akimwogopa mbwa huyo kupita kiasi. Alikuwa na haki. Mbwa alishawahi kumrarulia kitenge mbele ya wageni wake.

“Mama, kumulishia naweza,” aliniambia. “Lakini yee na mi tusionane.”

Mtu mwingine angenunua mnyororo. Mume wangu alitengeneza kizimba. Jioni mbili mfululizo alichomelea nondo uani, cheche zikiruka, nguo zangu kwenye kamba zikinuka moshi. Kizimba kilipokwisha, wanaume wanne hawakuweza kukisogeza. Kilikuwa na sakafu ya bati nene na mlango unaopanda na kushuka, na kwenye mlango kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, ikavuka ukuta mpaka kwa jirani. Jioni jirani angevuta kamba akiwa kwake, mlango upande, mbwa atoke kulinda lupango, ua wetu wote, usiku. Asubuhi angetupa bukari, ugali wetu, na dagaa wa ndakala kwenye bomba linaloteremkia ndani ya kizimba, mbwa aingie kula, kamba iachiwe, mlango ushuke. Hapo sasa angeweza kuingia kwetu kwa raha zake.

Lazima nikiri kwamba ilifanya kazi. Tulijaribu mara mbili, jirani akapiga makofi, na mume wangu akatembea uani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Binti yetu mkubwa, anayesoma Lubumbashi, alipiga simu kutufundisha. “Mama, imbwa banaizoeza pole pole. Munamulishia mule na mulango wazi. Kisha munafunga dakika tano, kisha kumi. Inaomba bajuma mingi.”

“Kilio haingojee bajuma,” baba yake alijibu, na kwa hilo alisema kweli, ingawa naandika hivyo kwa shida.

Asubuhi ya kuondoka, gari la shemeji lilikuwa nje likipiga honi. Nilikuwa nimevalisha watoto, nimefunga mizigo, nimemwaga maji kwenye makaa. Baba yao hayupo. Nikamkuta amelala kifudifudi juu ya kizimba, mkono wenye grisi, mbwa yumo ndani akimtazama kwa chini.

“Gurudumu inalia kidogo,” alisema.

“Iache ilie!” nikamwambia. “Watu wanatungoja!”

Akashuka, akanawa mikono, tukaenda. Nakumbuka niliridhika sana kwamba mara hii nimemshinda.

Lubudi tulifika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake tuliketi mikekani ndani, wanaume kwenye viti nje chini ya turubai. Kabla jua halijazama simu yangu ikalia. Alikuwa jirani. Nikampelekea mume wangu nje, nikasimama pale pale kusikiliza.

“Tata, minavuta kamba, mulango haipande.”

“Vuta na nguvu, mama.”

“Nimevuta na nguvu yote. Binti yangu anasaidia. Haipande hata kidogo.”

Alifungua kinywa atoe maelekezo mengine, na wakati huo huo akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Mkono ukabaki mfukoni. Nimeishi naye miaka mingi, uso ule naujua. Taratibu akatoa ufunguo mdogo wenye kibao chekundu, akautazama kana kwamba umetoka mfukoni mwa mtu mwingine.

Nieleze jambo hili, maana bila hilo mtu atadhani mume wangu ni mwendawazimu. Mgodini hakuna anayetia mkono kwenye mashine kabla ya kuifunga. Kila fundi ana kufuli lake na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo unakaa mfukoni mwake. Mpaka mwenyewe aje kulitoa, mashine haizunguki hata mkurugenzi alie machozi. Kufuli hilo ndilo linalomrudisha kwangu kila jioni na vidole kumi, na nimemshukuru Mungu kwa ajili yake mara nyingi. Asubuhi ile, kabla ya kupitisha vidole karibu na gurudumu ambalo mtu ng'ambo ya ukuta angeweza kulivuta, mikono yake ilifanya inachofanya kila siku. Ilifunga mlango wa kizimba kwa kufuli la kazini. Kisha honi ikalia, nami nikapiga kelele.

“Ulifunga?” nilimwuliza.

“Ilikuwa juu ya usalama.”

“Usalama ya nani?”

Nikasema basi, mtu alikate. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha wanagenzi, kwamba kufuli lile halikatiki kwa msumeno, linataka mashine ya umeme, na mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Halafu akaongeza: “Na kadena ya mutu haikatwe kama mwenyewe haiko.”

“Tata, haiko mashine. Ni imbwa!”

“Mi najua ni imbwa.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Sikufanya lolote. Nilijiambia kwamba chakula kinaingia kwa bomba, beseni la maji limo ndani, siku mbili si nyingi. Nikarudi mkekani. Hilo nalo liandikwe, kwamba na mimi nilirudi mkekani.

Kesho yake mchana jirani alipiga tena, na sauti yake ilikuwa nyingine. Mgodini walikuwa wamelipua mwamba, kama wanavyolipua karibu kila siku, madirisha yakatetemeka, na mbwa akiwa peke yake kwenye bati lile akashtuka, akaruka, akapindua beseni. Tena jua lilikuwa limemfikia. Tulikuwa tumechagua mahali pale kwa sababu pana kivuli kizuri, na pana kivuli kweli, asubuhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama pale mchana. Na ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, jua la kupasua midomo.

“Mama, anahema mubaya,” jirani alisema. “Nilimwaga mayi mu bomba, inaishia pembeni, hana nguvu ya kuifuata. Nimeingia mu lupango. Hata kunibwekea, hapana.”

Hapo ndipo nilipoogopa. Mbwa huyu hubwekea hata shuka likipepea.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa wanaume. “Nipe ufunguo. Nitapanda gari lolote.”

“Funguo haipite mu mikono ya mutu mwengine,” alisema. Haki ya Mungu alisema hivyo, mbele ya wazee, amevaa shati la msiba. Sidhani kama alikuwa anafikiri. Nadhani lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitika anapoitwa.

“Basi simama uulete wewe!” nilisema, na sauti yangu ilifika mpaka kwa wanawake ndani.

Mzee mmoja akauliza nani mgonjwa Kolwezi. Kabla mume wangu hajajibu nikasema mimi: “Ni imbwa.” Kisha shangazi yake akasema toka mlangoni, pole pole, kila mtu asikie:

“Munaacha kilio juu ya imbwa?”

Sentensi hiyo nitaisikia mpaka nizikwe, maana katika ukoo ule hairuhusiwi kusahaulika. Na aliyelala pale alikuwa mtu aliyemlipia mume wangu shule. Niliona macho yake yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu jana hasira yangu ikapungua kidogo. Alikwenda kwa mjane wa marehemu, akapiga magoti, akamwambia atarudi kesho. Mjane alimwekea mkono kichwani, akasema, “Enda, baba.” Watoto tukawaacha kwa mashangazi.

Tulipata lori la makaa linalokwenda Kolwezi. Tulikaa juu ya magunia, tumeshika kamba. Njiani mtandao ukapotea. Kila tulipofika kilimani niliinua simu juu kama mwehu, hakuna kitu. Sikujua kama tunakimbilia mbwa au tunakimbilia mzoga. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya mbwa, mimi ambaye huwacheka watu wa namna hiyo, na katikati ya sala nilikuwa nikimtukana mume wangu kimoyomoyo, kwa hiyo sijui sala ile ilihesabiwaje.

Tulifika jua linateremka. Jirani alikuwa uani kwetu, ameketi chini bila viatu, mgongo kwenye nondo. Alikuwa amefunga mwavuli wake juu ya kizimba na kutandaza vitenge vilivyolowa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia ndani mpaka begani, na kwa mkono mwingine alishika birika, mdomo wake kati ya nondo. Kichwa cha mbwa kilikuwa kimelala kwenye kiganja chake.

“Anakunywa,” alisema bila kugeuka. “Pole pole. Pole pole tu.”

Mume wangu alipiga magoti kufungua. Ufunguo haukuingia. Akajaribu tena, ukateleza. Mwishowe nikamshikia kufuli. Mikono ya watu wawili kwenye kufuli moja, na mbingu hazikuanguka. Mlango ukapanda. Mbwa hakutoka. Aliutazama mlango, akatutazama sisi, akakirudisha kichwa chini. Jirani ndiye aliyeingia kwa magoti, yeye aliyetaka wasionane, akatoka naye.

Mume wangu alirudi Lubudi kwenye kilio alfajiri. Mwili wa mbwa ulipona kwa siku mbili, akala, akanenepa. Lakini Jumapili ya kwanza, familia yote ikiwa nyumbani, nilipotoa viatu vya kanisani mbwa alijificha nyuma ya gunia la makaa, akatetemeka, akajikojolea. Tukaenda hata hivyo. Jirani alituambia kwamba mbwa alilia misa yote, akakwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu.

Tangu siku hiyo tunakwenda kwa zamu. Mume wangu na watoto wawili huenda misa ya kwanza, mimi na mmoja ya pili. Kizimba alikikata mwenyewe bila kuambiwa, nondo akazigawa. Kuhusu kosa lake hakusema neno. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Alizungumzia kivuli, alizungumzia beseni, alizungumzia milipuko. Alieleza kila kitu isipokuwa hicho, na mimi nilizidi kuungua moyoni.

Kanisani watu wana macho. Wakaona baba anakuja peke yake, mama anakuja peke yake. Akina mama wa jumuiya wakaja kwangu na sukari na nyuso za huruma. Mwishowe padri akatuita ofisini, wote wawili. Jirani akaja kukaa na mbwa.

“Kuko nini kati yenu?” padri aliuliza.

Nilifunga mikono kifuani. Nilitaka kusikia fundi wangu atalieleza vipi hili.

“Mon Père,” alisema, “kuko mwenye nilifungia. Sasa anaogopa tukitoka.”

Padri aliacha kalamu. “Mutoto?”

“Imbwa.”

Padri alicheka, kicheko cha mtu aliyekuwa ameogopa jambo baya zaidi. Hata mimi nilitabasamu. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ametazama meza.

“Nilikosa,” alisema. “Haikukuwa gurudumu, haikukuwa jua. Ni mi nilikosa.”

Padri alipangusa macho, akauliza kwa upole kama tutaendelea na zamu hizo mpaka lini.

Mume wangu alinigeukia, akanijibu mimi badala ya padri.

“Mupaka yee mwenyewe atuache tuende.”