Miaka Tisa ya Mwenyeji

Chuoni walimwita Mwenyeji. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliomkuta pale, wakasoma wakamaliza, kisha waliporudi kuchukua vyeti wakamwona bado amepanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya mitihani. Shahada ya sayansi ya chakula ni ya miaka minne. Yeye ilimla tisa.

Mitatu kati ya hiyo alikuwa nyumbani akimwuguza baba yake, aliyeamka siku moja upande mzima wa kulia umepooza. Mama yao alikuwa ameshatangulia, kaka yake alikuwa na duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi, na shangazi akakata shauri: "Huyu si anasoma tu?" Basi likaisha hilo. Baba alipofariki akarudi chuoni, na msimamizi wa utafiti wake akapata kazi ng'ambo, akaondoka bila kwaheri. Mwaka mwingine ukaenda. Wa mwisho uliliwa na alama za mtihani wa takwimu zilizopotea.

"Hukufanya mtihani," karani alimwambia.

"Nilifanya. Nilikaa mstari wa mbele."

"Mfumo haukuoni."

Ikabidi aurudie.

Alipovaa joho hatimaye alidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Alituma wasifu wake sehemu kumi na moja, miaka yote imeandikwa kama ilivyokuwa. Sehemu mbili tu zilimwita, na kote swali lilikuwa moja: "Hapa katikati ulikuwa wapi?" Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayemsitiri mtu aliyetoka jela.

"Wasifu wako una shimo la kupita lori," kaka yake akamwambia. "Niachie nikuzibie."

"Kaka, wewe uutume tu kama ulivyo. Usiguse kitu."

"Sawa, mdogo wangu. Sigusi."

Wiki mbili baadaye akaitwa kwenye kiwanda cha maziwa. Aliketi mbele ya meza ndefu; upande wa pili walikuwepo afisa utumishi, ambaye alikuwa mama mwenye miwani puani, na mkuu wa maabara, mzee aliyevaa koti jeupe.

"Umeandika hapa," afisa utumishi akasema, "kwamba kwa miaka mitatu ulikuwa mkurugenzi wa huduma binafsi za afya ya wazee. Ulikuwa na wafanyakazi wangapi?"

Aliomba ile karatasi, akaisoma. Shahada nayo ilikuwa imepunguzwa ikawa ya miaka minne, safi kabisa.

"Hii ameandika kaka yangu," alisema.

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Mzee alikuwa mmoja, na ni baba yangu. Mkurugenzi ni mimi, mpishi ni mimi, dobi ni mimi. Nilimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Shahada nimesoma miaka tisa. Naomba kalamu nirekebishe."

Akarekebisha hapo hapo kwa hasira. Na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani, maana waliostahili walikuwa wengi.

"Tungeweza kukufukuza sasa hivi," afisa utumishi akasema.

"Mna haki."

Mkuu wa maabara akauliza, "Miaka mitatu nje ya maabara. Ulisahau nini?"

Katika kuulizwa kote, hilo hakuwahi kuulizwa. Akafikiri. "Nilisahau mahesabu ya kuzimua kemikali. Nilikaa na watoto wa mwaka wa kwanza wakanifundisha upya. Takwimu sikusahau. Mtihani ule nimeufanya mara mbili."

Mzee akainuka, akampeleka maabara, akamwekea chupa tano za maziwa. "Niambie ipi imetiwa maji." Akapima. Zilikuwa mbili, akazitaja zote.

Walimpa kazi ya msaidizi, daraja moja chini ya ile aliyoomba, majaribio miezi sita, na barua ya onyo ikatangulia kuingia kwenye faili lake kabla hata hajapewa koti. Aliichukua kazi hiyo. Miezi sita ikapita, wakamthibitisha.

Jioni ya siku ile alimpitia kaka yake dukani kumpa habari. Kaka akapiga meza kwa furaha.

"Si nilikwambia! Bila yule mkurugenzi wangekuita?"

Kilichomkera kuliko vyote, kuliko karani na msimamizi na shangazi, ni kwamba huenda kaka alikuwa anasema kweli. Alizunguka nyuma ya kaunta, akamsukuma kaka yake na kiti chake, akalitafuta lile faili la wasifu kwenye kompyuta na kulifuta.

"Ninayo nakala," kaka akasema.

"Na hiyo ilete."