Mkeka wa Mama Mkwe Umebaki Shibiri Mbili

(Barua hii imetufikia kutoka kwa msomaji wetu wa Temeke. Jina lake tunalo, tumelificha kama alivyotuomba. Mwenye nasaha na amletee kupitia ukurasa huu.)

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, nina mke na watoto, kazi yangu ni bandarini, na nimechoka. Sisemi nimechoka kazi, kazi nimeshaizoea. Nimechoka moyo, na aliyechoka moyo hata akilala haamki na nguvu.

Tangu ujana wangu nilikuwa mpiga tarumbeta wa ngoma ya beni. Wa rika langu mnakumbuka beni ilivyokuwa: sare, kupiga gwaride, mashindano ya mtaa kwa mtaa, mpaka wanawake wanaacha vyungu viungue jikoni. Nilipopuliza mimi, Bwana Mhariri, nilikuwa mtu. Mwaka juzi kamba ya kupakulia mizigo ilikatika ikanipiga mdomoni, meno manne ya mbele yakaenda. Simlaumu mtu, kamba ni kamba. Lakini tarumbeta bila meno ya mbele haitoi sauti, inatoa upepo na mate. Niliitundika msumarini na sikutaka hata kuitazama.

Wenzangu walinihurumia wakanipeleka barazani kucheza bao. Nikafungwa na kila mtu, mpaka wakawa wananigombania, maana kucheza na mimi ni ushindi wa bure. Nikafuga njiwa, wakahamia kwa jirani. Basi nikawa natoka kazini, nakula, nakaa kimya. Mke wangu akiniuliza nina nini, nasema sina kitu, na kweli sikuwa na kitu.

Ndipo alipokuja mama mkwe wangu kutoka Kisarawe kutibiwa miguu. Kwetu mkwe ni nguo. Sikai naye mkeka mmoja, sili naye, wala simtazami usoni. Yeye hukaa uani, mimi hukaa upande wa pili wa ua wa makuti. Mchana kutwa anasuka ukili, ule utepe wa ukindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Siku moja aliingia ndani kusali, akauacha ukili juu ya kigoda. Nilikuwa napita. Vidole vyangu havikuwa na la kufanya tangu ajali, vikauokota, nikasuka kipande kama shibiri hivi kisha nikaurudisha.

Kesho yake nikaukuta umefumuliwa mpaka pale nilipokosea, na ukindu umepangwa vizuri kwa kuanzia. Halafu nikamsikia, nyuma ya makuti, anamwambia kuku wake aliyekuja naye kutoka kwao: "We kuku, mbona unalegeza? Vuta! Ukili si kamba ya mbuzi."

Kuku gani anasuka ukili? Nikajua naambiwa mimi, ila heshima ya ukwe haimruhusu kunisemesha hivyo. Toka siku hiyo nikawa nasomeshwa kupitia kuku. Yeye anasuka mchana, mimi naendeleza nikirudi kazini, naye asubuhi anamkaripia kuku au anamsifu. Naona haya kuandika haya, maana huku kwetu ukili ni kazi ya wanawake, na wenzangu wa beni wakijua watanitungia wimbo. Lakini nilifurahi, jamani. Nilikuwa narudi nyumbani mbio kama kijana aliyeoa jana.

Nikanunua ukindu wa rangi, mwekundu na kijani, nikidhani tunasuka mkeka wa kulalia. Nikauweka kigodani. Haukuguswa. Kuku akaambiwa, "Wangu mweupe mtupu, mwanangu. Hauna maua."

Sikuelewa, nikamuuliza mke wangu. Akanitazama kwa mshangao. "Baba Zaina, ina maana hukujua? Sanda ya mama iko sandukuni zamani. Huo ndio mkeka wake wa kuzikiwa."

Nimetia mkono katika mkeka wa maziko huku nikiimba!

Sasa mikono ya mama inatetemeka, hawezi tena kushika ukindu. Juzi juzi kuku aliambiwa, "Mie vidole vyangu basi. Nimalizie wewe. Mkeka ukisha, nirudishwe kwangu Kisarawe, nikangojee siku yangu karibu na kaburi la mume wangu."

Tangu hapo sijaugusa. Nasema ukindu haupatikani sokoni. Mke wangu amekasirika: "Unataka mama yangu azikwe na mkeka wa kununua, uliosukwa na mtu asiyemjua?" Nitamwambiaje kwamba namfanyia mama yake choyo? Tarumbeta iliniacha siku moja bila kuniuliza. Hili la pili naambiwa nilimalize kwa mikono yangu mwenyewe. Najua mtasema ukili nitausuka hata yeye akiondoka. Nitausuka. Lakini nani atamgombeza kuku?

Zimebaki shibiri mbili tu. Jana mawingu yalitanda, nikamsikia tena nyuma ya makuti, safari hii kwa sauti ya chini, hana hasira.

"We kuku," akasema, "masika yakianza, njia ya Kisarawe haipitiki."

Ukindu ninao, mweupe, nimeuficha chini ya kitanda. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini: niumalize, au niiache mvua inyeshe?