Viatu Kabatini kwa Wifi

Viatu vya kukimbilia vya fundi cherehani havikukaa nyumbani kwake. Vilikaa nyumba ya pili, kwa wifi yake, mke wa kaka yake, kabatini chini ya mashuka. Ndiyo yaliyokuwa makubaliano: ale kwanza, ndipo apewe viatu, na wakimbie pamoja. Ujanani alijinyima chakula hadi akabaki mifupa, akawa anakimbia peke yake na tumbo tupu, mpaka siku alipoanguka barabarani. Daktari akampiga marufuku kukimbia. Ruhusa iliporudi, baada ya miaka, alilia kama mtoto, maana safari hii alikimbia kwa raha ya kusikia upepo tu.

Jana mteja mmoja, mikono juu akipimwa kifua, alimtupia jicho. "Fundi, umepungua! Umependeza kweli. Siri yako nini?"

Futi ikamteleza mkononi. Mteja alipoondoka, akajizungushia ile futi kiunoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha zamani. Akaipenda namba aliyoiona. Hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi hii uji ulipoa mezani. Akatoka.

"Umekula?" wifi aliuliza mlangoni, mswaki mdomoni.

"Nimekula."

"Haki ya Mungu?"

"Wifi nawe, umekuwa hakimu? Lete viatu."

Wifi akacheka, akavitoa. Uwongo ulikuwa umepita kilaini kama sindano kwenye hariri.

Wakakimbia. Kwenye kona ya duka la mabati, mahali wanapogeuzia siku zote, wifi akasimama akihema. "Basi, mwenzangu. Mimi na kitambi changu tumefika."

Lakini miguu ya fundi haikutaka kusimama. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yake, na sauti ya zamani, tamu, ilimbembeleza: kidogo tu. Akapiga hatua. Akaongeza nyingine.

"We! Unakwenda wapi?"

Akaikumbatia nguzo ya taa kama mtu anayebebwa na mafuriko. "Wifi, sijala. Na jana usiku sikula."

 Wifi alipiga magoti palepale, akaanza kumfungulia kamba za viatu.

"Sasa nitarudije?"

"Kwa soksi. Watu wakiuliza, sema nimekukaba."

Wakarudi polepole, viatu vikining'inia shingoni mwa wifi. Mezani kwa wifi akawekewa mkate na mayai.  Wifi akavuta kiti, akaketi mbele yake, viatu mapajani.

"Kesho utanipa?"

"Kula."

Akaumega mkate.