Nusu ya Mkeka

Mwanamke mmoja, mke wa mtu wa mgodini, alianza kukusanya watoto wadogo katika banda la udongo nyuma ya maduka hapa Mpanda. Baadaye watu walikuja kuiita shule ya vidudu. Wakati ule haikuwa na jina, na hilo peke yake lilinitosha kuitilia shaka.

Shule nilikuwa naijua. Niliiacha darasa la tatu, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wawili. Mtoto wa shule alikuwa anapimwa kwa mkono: anaupitisha juu ya kichwa, na akilishika sikio la upande wa pili anaandikwa. Asipolifikia anarudi nyumbani akakue. Mdogo wangu wa mwisho nilimpima mwenyewe uani. Vidole viliishia kwenye nywele. Basi yule mwalimu wa bandani alipopita kwetu nikamwambia kwamba huyu bado.

"Ndio hao ninaowataka," akasema. "Wanaofika sikio waende shule kubwa."

Nikamtazama vizuri. Shule gani inataka mtoto ambaye hajafika?

"Watakunywa uji wa maziwa," akaendelea. "Wataimba, watajifunza kukaa na wenzao. Wewe mlete tu, binti. Mlete na sahani yake na mkeka wake."

Hapo ndipo moyo uliponiruka. Kwetu, watoto wakifiwa na wazazi wote, ndugu hukaa baada ya matanga wakagawana. Mtoto aliyegawiwa hupewa sahani yake na mkeka wake, ili huko aendako asisimangwe kwamba analalia vitu vya watu. Mdogo wangu wa kati alichukuliwa hivyo na shangazi yetu wa Ikola. Nilimwona akipanda lori la dagaa, mkeka kwapani, sahani imefungwa kwa kitambaa. Shangazi alisema anakwenda kumsaidia kuanika dagaa mpaka mvua zikatike. Mvua zilikatika, zikaja nyingine, zikakatika nazo. Zilizofika kwangu ni habari tu kwamba amekua.

Sasa mtu nisiyemjua ananiambia nimfunge wa mwisho na mkeka na sahani, na uji wa maziwa juu yake. Nani anampa mtoto wa mwenzake maziwa bure? Miaka ile habari za mumiani zilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na jirani yangu hakuchelewa kunitania: "Wananenepeshwa kwanza, mwenzangu. Hujaona mbuzi wa sikukuu?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Ningekataa moja kwa moja, lakini nilikuwa nafua nguo kwa mwenye duka mmoja, na mtoto nilikuwa namwacha ndani, mlango nimeufunga kwa kamba. Siku moja nilimkuta anachezea majivu ya moto. Nikaona bora awe mahali ambapo naweza kupaona, maana uani kwa mwenye duka palitazamana na lile banda.

Wiki ile ile shangazi akafika na lori, akashukia kwetu. Nilimweleza habari ya shule nikitegemea matusi, kwa sababu shangazi hakuwahi kukubaliana na neno langu lolote.

"Mpeleke," akasema.

"Nimpeleke?"

"Si ndiyo nakwambia? Nyie watoto wa kaka mna roho ngumu. Mnaambiwa vizuri mnakodoa macho."

Jioni yake nikamwona amesimama kisimani na mwalimu, wanaongea kwa sauti ya chini. Niliposogea, nikasikia shangazi akiuliza watoto wanatoka saa ngapi. Aliponiona akaanza kusifia maji.

Siku zilizobaki kabla ya kumpeleka nilimwandaa mdogo wangu kwa namna yangu. Nilimnyoa, nikamkata kucha, nikamshonea gauni kutoka kitenge cha mama. Nilipomaliza nikamkalisha mbele yangu.

"Nyumbani kwenu mtaa gani?"

"Ilembo, kwa dada."

"Ukiambiwa panda lori?"

"Nalia."

"Ukiambiwa dada amekuita?"

"Naambia aje mwenyewe."

"Na ukipewa andazi?"

Akafikiri. "Naambia andazi lije lenyewe."

Shangazi, ambaye alikuwa anachambua mchicha pembeni, akainua kichwa. "Unamfundisha mtoto ujeuri," akasema.

Bado kulikuwa na mkeka. Tulikuwa nao mmoja wa maana, wa ukindu, aliousuka mama. Niliukunja nikaufungua, nikaukunja tena. Mwishowe nikachukua kisu nikaukata katikati, nikazishona kingo zisifumuke. Nusu niliifunga pamoja na sahani. Nusu nyingine niliirudisha pale pale alipokuwa analala. Niliona kwamba aliyeacha nusu ya mkeka nyumbani hajaondoka, na mtu yeyote wa kwetu angelielewa hilo bila kuambiwa.

Mwalimu alipoukunjua asubuhi akashangaa. "Mbona umekatika?"

"Ndivyo ulivyo," nikasema. Alinitazama usoni, akaupokea.

Nikaenda kufua. Sabuni ilikuwa mikononi lakini macho yalikuwa bandani. Walinywa uji, na nikaangalia kama kila aliyekunywa ameinuka na nguvu zake. Wakaimba. Wakakimbizana kivulini. Lori la dagaa lilikuwa limeegeshwa mbele ya maduka, halina mzigo tena, dereva analala ndani. Kabla ya adhuhuri nilitumwa bomba la mbali kuchota maji, nikaenda karibu mbio. Niliporudi lile lori lilikuwa limewashwa, na bandani hapakuwa na sauti hata moja. Kitambaa cha mlangoni kilikuwa kimeshushwa.

Watoto wadogo wengi kiasi kile, wanyamaze wote kwa pamoja? Niliiacha ndoo ikamwagika. Nilikipita kile kitambaa kwa nguvu kikakatika kamba, nikapiga kelele ambazo sasa sikumbuki maneno yake.

Watoto walikuwa wamelala. Mikeka imepangwa toka ukuta hadi ukuta, na juu yake vidudu vimejinyoosha, wengine midomo wazi. Waliamka wote kwa mkupuo wakaanza kulia. Mmoja alikojoa pale pale.

"Umeniharibia!" mwalimu akanong'ona kwa hasira, kisha akaona kunong'ona hakuna faida tena. "Nimewabembeleza mpaka koo limekauka, dada mtu! Umekuja na vita?"

Mdogo wangu peke yake hakuwa analia. Alikuwa ameketi kwenye nusu yake ya mkeka, sahani ameikumbatia.

"Umekuja mwenyewe," akaniambia.

Mwalimu akambeba yule aliyekojoa, akanivuta pembeni. "Shangazi yako alikuwa hapa sasa hivi," akasema. "Alisema umemtuma amchukue, kwamba umeugua. Mtoto akang'ang'ania nguzo ya banda akasema dada aje mwenyewe. Nami nikamwambia shangazi yako hivyo hivyo. Hapa mtoto anaondoka na mkono uliomleta. Tangu hapo amekataa kulala, anakungoja."

"Mlikuwa mnaongea nini kisimani?"

"Aliniuliza saa ya kutoka. Nikamwambia. Ningejuaje?"

Nikatoka hadi mlangoni. Nje lori lilikuwa linaondoka, na shangazi alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, kanga kaivuta mpaka puani. Hakugeuka. Nilisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia, nikimfikiria yule wa kati, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha kusema dada aje mwenyewe.

Kisha nikashika kamba ya kitambaa nikaifunga upya, nikamsaidia mwalimu kuwalaza watoto mmoja mmoja. Mdogo wangu alilala mara tu nilipokaa karibu yake. Miguu yake yote ilikuwa chini kwenye vumbi.

"Kesho mletee mkeka mzima," mwalimu akasema. "Huu haumtoshi."

Nilikubali kwa kichwa. Wiki ile nilitafuta ukindu nikasuka kipande, nikakiungia kwenye nusu ya shuleni hadi miguu ikaenea. Ile nusu ya nyumbani sikuitoa. Mwalimu nilimwamini kidogo kidogo, lakini kila mchana, hadi mdogo wangu alipofika sikio, nilikwenda kumchukua mwenyewe, na kila usiku alijikunja kwenye kipande kile kifupi, magoti kidevuni, akaninung'unikia kwamba shuleni analala vizuri zaidi.