Saini Kumi na Moja za Kinanda

Fundi aliingia mwaka wa kwanza wa chuo akiwa na miaka thelathini na tano, kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia nyuma ya cherehani. Wenzake darasani walikuwa watoto wa juzi. Walimpa jina hilo siku ya kwanza tu, alipomshonea mmoja wao suruali iliyopasuka nyuma, palepale kwenye ngazi, mwenyewe akiwa amesimama ndani yake.

Chumbani aliwekwa na binti wa miaka ishirini aliyeitwa Kinanda, kwa kuwa mdomo wake ulianza kulia kabla jua halijachomoza na hakuna aliyejua pa kuuzimia. Alimsimulia Fundi ndoto zake, akamfundisha kutumia kompyuta ya maktaba, akamcheka alipoiomba radhi mashine ilipokataa kumfungulia.

"Dada, haisikii hiyo!"

"Hata wewe husikii, lakini nakuongelesha."

Walipendana hivyo.

Chuoni pale palikuwa na mazoea ambayo hakuna mhadhiri aliyeyafundisha. Karatasi ya mahudhurio ilianzia benchi la mbele na kupita mikononi mwa watu mia mbili. Asiyekuwepo alisainiwa na mwenzake. Huko walikuita kusaidiana. Mlangoni pa ofisi lilibandikwa tangazo kwamba atakayemsainia mwingine atasimamishwa mwaka mzima, nalo limekaa hapo mpaka limegeuka njano.

Jumatatu moja asubuhi Kinanda alifunga begi. Dada yake wa kuzaliwa naye alikuwa amejifungua mji wa pili, naye Kinanda anataka kwenda kumsaidia.

"Siku kumi tu, dada yangu. Utanisainia, eh? Baba asijue, atasema nimeacha masomo nikaenda kubembeleza mtoto."

"Haya. Ila ukifika unipigie."

"Kule simu inasumbua. Usinihangaikie kama mama mkwe!" Akatoka, viatu vyake vikisikika koridoni mpaka chini.

Fundi akasaini. Saini ya Kinanda ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoana, na mkono uliozoea kufuata mistari ya chaki kwenye kitambaa haukuona taabu. Siku ya tatu aliiandika kwa haraka, kama ya mtu aliyechelewa. Siku ya sita alibadilisha kalamu. Hata yeye alijishangaa jinsi kazi ilivyomnogea.

Simu haikulia. Alipopiga yeye, iliitikia sauti ile ya kusema mteja hapatikani. Akajiambia, si alisema inasumbua? Siku ya kumi ikapita. Jumatatu ya tatu, karatasi ilipomfikia, mkono wake ulikuwa mzito. Kikombe cha Kinanda kilikuwa bado dirishani, chai imekauka ikawa duara jeusi chini. Akasaini. Ya kumi na moja.

Kesho yake aliitwa ofisini.

Karani wa kitivo alikuwa amekaa na faili la mahudhurio wazi mbele yake. Upande wa pili alikaa mzee aliyeshika kofia kwa mikono miwili, shati lake bado lina vumbi la safari.

"Huyu ndiye anayekaa na binti yako, mzee," karani akasema. "Fundi, mtoe baba wa watu wasiwasi."

Mzee akanyanyuka kumpa mkono. "Hujambo, mwanangu? Wiki mbili simpati. Nikampigia dada yake, akasema walipanga aje, hakufika, akadhani masomo yamembana. Nikasema Mungu wangu. Lakini huyu bwana amenionyesha hapa. Jana alikuwepo. Ijumaa alikuwepo." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Kumbe ananikwepa tu. Nilishaogopa bure."

Hakufika. Neno hilo ndilo Fundi alilolisikia.

"Watoto wa siku hizi, mzee," karani akasema, akilifunga faili. "Fundi, mwambie mzee arudi nyumbani akapumzike. Basi lake linaondoka saa sita."

Mzee alikuwa ameshavaa kofia.

Fundi alilitazama tangazo la njano mlangoni. Miaka kumi na sita akiwashonea wenzake majoho ya mahafali, naye hajavaa lake. Angeweza kusema ndiyo, kisha akamtafute mwenyewe kimyakimya. Wazo hilo lilikuja, wala halikuona haya.

"Baba," akasema, "usiende. Saini hizo ni zangu."

"Zako vipi?"

"Zote. Binti yako aliondoka hapa Jumatatu ya wiki ya juzi kwenda kwa dada yake. Tangu hapo sijamwona."

Karani akalifungua faili tena, polepole. Akageuza kurasa, kidole kikifuata mikia ile, na uso wake ukaanza kubadilika kwa jambo jingine.

"Wiki ile," akasema bila kuinua macho, "Alhamisi, hospitali ya wilaya walipiga simu hapa. Wana msichana aliyegongwa na gari karibu na stendi, hana begi wala simu, hasemi. Waliuliza kama tumepotelewa na mwanafunzi." Akaweka kiganja juu ya faili. "Niliangalia mahudhurio. Nikawajibu wetu wote wapo."

Hakuna aliyekaa tena.

Wodini walimkuta kitanda cha mwisho, kichwa kimefungwa, midomo imepasuka, kimya. Kwenye kadi ya kitanda, mahali pa jina, palichorwa mstari. Mzee alimshika vidole vya mguu kupitia shuka, akawa anavihesabu kana kwamba amezaliwa jana.

Daktari alikuja akasimama nao. "Damu imeganda kichwani. Alipaswa kupelekwa hospitali ya rufaa, lakini tulihitaji ndugu wa kuridhia. Tumemsubiri ndugu wiki mbili. Gari linaondoka naye sasa hivi. Zaidi ya hapo siwaahidi."

Fundi alirudi nyuma mpaka ukutani. "Baba, mimi niende?"

Mzee hakugeuka. "Uende wapi?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Panda gari. Akifumbua macho, ataniuliza kwa nini nilichelewa. Utamjibu wewe."